Kigingi cha Safu ya Tisa

Kwenye makaburi yetu hakuna anayechagua jirani. Ukifa leo unalala pale alipoishia aliyekufa jana, na atakayekufa kesho atalala ubavuni mwako, awe daktari, awe mpika sambusa, awe mtu mliyenuniana naye miaka kumi kwa sababu ya maegesho ya gari. Kila baada ya mazishi, mzee Askari, msimamizi wetu wa makaburi, huchomeka kigingi cha mbao mahali litakapochimbwa kaburi linalofuata. Kigingi hakina jina. Watu wakija kusoma Fatiha hukipita wakitazama pembeni, maana kila mtu anajua kwamba kinaweza kuwa chake.

Sheria hiyo waliiweka wazee wetu kabla hata shimo la kwanza halijachimbwa. Walitoka Tanga, Mombasa, Unguja na Lindi, na huko walikuwa wameona makaburi yenye pembe za wenye nacho na pembe za wasio na kitu. Wakasema hapa Kanada, ambako wote tumeanza kwa kuosha vyombo vya watu, ujinga ule tusiubebe. Baba yangu alikuwa mmoja wa walioinua mkono. Yeye yuko safu ya pili. Mama yangu yuko safu ya tano. Kati yao kuna hatua sitini na mbili, nami nimezipiga mara nyingi mno kiasi kwamba miguu inazijua yenyewe.

Mama hakuzitaka hatua hizo. Hospitalini, siku mbili kabla hajafariki, alinishika mkono akaniusia nimlaze karibu na baba. Nikamwambia ndiyo, Mama. Sheria nilikuwa naijua, lakini nani anamsomea mama yake sheria saa ile? Nilijipa moyo kwamba kaka yangu ataniokoa. Kaka yangu Mohamedtaki, ambaye nyumbani tulimwita Taki, alikuwa diwani wa mji kwa vipindi vitano. Ni yeye aliyepigania kibali cha makaburi yale, wakati majirani walipojaza vibao mbele ya nyumba zao vya kusema hawatutaki hata tukiwa tumekufa. Kura tano kwa nne. Bila Taki tungekuwa tunazika kwa kuomba nafasi kwenye makaburi ya watu. Nikafikiri, mtu kama huyo akisema neno moja, mama atalala anapotaka.

Neno alilisema. Alisimama msikitini mbele ya watu mia tatu, akashika kipaza sauti, akasema: "Nikiomba upendeleo kwa mama yangu, kesho nitawatazamaje nyinyi? Zamu ni zamu." Watu walilia. Gazeti la mtaa liliandika habari zake na picha, na Oktoba ile alishinda kuliko alivyowahi kushinda. Mimi nilimwosha mama kwa mikono yangu, kwa sababu ndiyo kazi ninayojitolea kwenye jamaat yetu, yaani jumuiya ya msikiti wetu, kwa wanawake wanaofariki, nikamvisha sanda, nikaacha apelekwe mahali asipopataka. Kisha sikusema na kaka yangu miezi kumi na minne.

Kilichonilainisha hakikuwa yeye. Alikuwa Gulzar, bibi aliyekuwa akisafisha ofisi kule Downsview, asiye na mtoto wala ndugu. Nilimwosha Januari moja. Zamu ikamlaza ubavuni mwa daktari mashuhuri wa moyo, na watoto wa daktari wakija kumsomea baba yao wanamsomea na Gulzar, kwa sababu yuko pale pale na ni aibu kumruka. Nikasema basi. Nilivunja ahadi kwa mama yangu, lakini nilivunja kwa jambo la kweli. Niliweza kuishi na hilo. Sikulipenda, ila niliweza.

Mwezi wa Machi mwaka huu, Alhamisi alfajiri, Taki naye akafariki. Ini lilikuwa limemmaliza.

Mchana wake mwenyekiti wa kamati ya mazishi, Abdulhussein, aliniita ofisini msikitini. Nilimkuta na mpwa wangu Abid, mtoto wa marehemu, macho yamemvimba. Nilidhani wananiita kwa ajili ya hitima. Abdulhussein alinisogezea karatasi.

"Soma hii, Bi Bilkis."

Ilikuwa orodha. Katika kaunti yetu kuna kikundi cha wapenda historia, wastaafu wa Kizungu wengi wao, ambao kazi yao ni kuandika kila aliyewahi kuwa diwani, meya au mbunge, na mahali alipozikwa. Majina sitini na moja. Huyu nyuma ya kanisa fulani, kwenye kilima, chini ya malaika wa jiwe. Yule ndani ya uzio wa chuma pamoja na wake zake wawili. Mwingine ana nguzo ndefu inayoonekana kutoka barabarani. Watu hutembezwa huko kwa basi kila Septemba, wanapewa chai na biskuti.

"Hakuna jina letu hata moja," alisema Abdulhussein. "Taki atakuwa wa kwanza. Mama anayesimamia orodha amenipigia simu mwenyewe, anataka kujua tunamweka wapi. Nitamwambia safu ya tisa, nyuma kabisa, kwenye matope? Tumeamua langoni. Upande wa kulia ukiingia, penye nyasi. Tutaweka jiwe la heshima na benchi. Wale waliotuwekea vibao watapita barabarani kila siku wamwone."

Sitamsingizia Abdulhussein. Hakuwa mtu mbaya, na aliposema habari za vibao sauti yake ilitetemeka. Mkewe alitemewa mate dukani wakati ule.

"Kigingi kiko safu ya tisa," nikasema.

"Najua kiko wapi."

"Basi mnazungumza nini?"

Abid akainua kichwa. "Shangazi, bila baba pasingekuwa na kigingi wala safu. Kuna mwingine yeyote anayeweza kusema hivyo?"

Hapo alinikamata, maana hakukuwa na mwingine. Nikamjibu kwamba baba yake mwenyewe ndiye aliyesema zamu ni zamu, juu ya jeneza la bibi yake. Abid alitazama chini. Abdulhussein akaona mwanya, akaegemea mbele na kunisemesha kwa upole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa anywe dawa.

"Bi Bilkis, hatukusahau machungu yako. Ubavuni mwa mama yako kuna nafasi moja ilirukwa kwa sababu ya bomba la maji. Bomba tumelihamisha. Kamati ikifungua mlango huu kwa Taki, itaufungua na kwako. Nafasi ile tutakuandikia wewe. Hutalala mbali naye."

Nilinyamaza, na sitajitia ushujaa nisiokuwa nao: niliitaka. Niliitaka mpaka mate yakanikauka. Nina miaka sitini na saba na moyo wenye mashine ndani yake, na hakuna usiku nisiowaza nitalala karibu na nani. Walidhani nimekubali. Abdulhussein alinishukuru, nikaondoka bila kusema ndiyo wala hapana.

Asubuhi ya Ijumaa nilipokuwa natawadha, maji yakinitiririka mkononi, nilikumbuka mkono wa mama jinsi ulivyokuwa mwepesi wakati namwosha. Nikaliona jambo lenyewe lilivyo. Kama Taki analala langoni, basi ile sheria ilikuwa ya kumnyima mama tu. Nitakuwa nilimdanganya mama yangu aliyekuwa anakufa, bure. Halafu nije nijilaze ubavuni mwake, kwa nafasi niliyopewa ili nifunge mdomo, nimwambie nini?

Nilimwamsha binti yangu Mehreen, ninayekaa naye Malton.

"Nipeleke makaburini. Na kile kiti cha kukunja unachokwenda nacho mpirani, kitie kwenye gari."

Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba mazishi ni baada ya sala ya Ijumaa na wanawake hatuendi mpaka wanaume wamalize. Nikamwambia najua desturi zangu, siendi mazishini, nakwenda kukaa. Alinitazama, akaenda kutafuta funguo.

Makaburi yako kaskazini mwa Brampton, mbele ya maghala ya mwisho, pale mashamba yanapoanza. Kulikuwa na manyunyu. Katapila lilikuwa limeshafika, limesimama kulia kwa lango, na mwendeshaji wake, Mreno mnene mwenye kofia ya sufu, alikuwa anapimapima kwa macho. Mzee Askari alikuwa amesimama kando, mikono nyuma, mvua ikimlowesha.

"Wamekwambia?" nikamuuliza.

"Wamenipigia simu jana. Miaka kumi na minane nachomeka kigingi, Bi Bilkis. Sijaulizwa hata mara moja. Nimeambiwa tu."

Palikuwa pamepigwa rangi nyeupe juu ya nyasi, umbo la mlango. Nikafungua kiti changu, nikakiweka katikati ya ile rangi, nikakaa. Miguu ya kiti ilizama kidogo kisha ikatulia. Mehreen akanifungulia mwavuli. Nikamwambia yule Mreno, kwa Kiingereza changu cha ofisi ya mizigo nilikofanya kazi zamani, kwamba leo hachimbi hapa. Akaniuliza kama mimi ni wa familia. Nikasema ni dada wa marehemu. Alifikiri kidogo, akazima injini, akatoa mkate wake.

"Mimi sichimbi alipokaa mtu," alisema, na akaanza kula.

Abdulhussein alifika baada ya nusu saa, koti limefungwa vifungo vibaya kwa haraka. Abid alikuwa nyuma yake. Nilijua watapanda, watashuka, na nilikuwa nimejiandaa. Abdulhussein alianza kwa kuniomba, akaja kunionya, akarudi kuniomba. Alisema meya anakuja. Mbunge anakuja. Yule mama wa orodha anakuja na kamera. Alisema nafanya kichekesho siku ya maziko ya ndugu yangu.

"Kichekesho ni nyinyi," nikasema. "Mlimwambia mama yangu asubiri zamu, akasubiri. Mlimwambia Gulzar, akasubiri. Mmesubirisha watoto wachanga. Sasa amekufa mtu mwenye picha gazetini, mnapaka rangi kwenye nyasi."

"Jana ulikubali."

"Jana nilinyamaza. Nafasi yangu kipe kigingi."

"Bi Bilkis, hawa watu walitukataa. Nataka waone tuna mtu."

"Nataka waone tuna sheria," nikamwambia. "Wao wana malaika wa mawe na uzio wa chuma. Kila mji una mkubwa wake langoni. Kama tunataka kuingia kwenye karatasi yao, tuingie na safu yetu ya tisa na matope yake. Waambie wageni waje na viatu vya kutembelea."

Mehreen alicheka, akajifanya anakohoa.

Abid alinisogelea. Alichuchumaa mbele ya kiti changu, suti yake nyeusi ikigusa nyasi, akatoa simu. Uso wake ulikuwa wa Taki kabisa, Taki wa miaka ile tulipokuwa tukikimbizana kwenye ngazi za nyumba yetu Tanga.

"Shangazi, sikutaka usikie hivi. Lakini si wazo la mwenyekiti. Ni wasia."

Akabonyeza, na sauti ya kaka yangu ikatoka. Ilikuwa nyembamba, ya mtu anayevuta pumzi kwa shida.

"Abid mwanangu. Mwambie Abdulhussein anikumbuke pale langoni. Najua nilisema nini. Lakini miaka ishirini nimekaa kwenye baraza lile wakitamka jina langu vibaya, nami nacheka. Niwekeni pale wanapopita. Nataka wajue kwamba nilikuwepo."

Nilishika mikono ya kiti. Nililia, tena kwa sauti, na sikuficha. Sikuwa nimelia tangu afariki. Nilimwona kaka yangu kitandani, akiwa na hofu ile ile aliyokuwa nayo kila mtu niliyemwosha, hofu ya kusahauliwa, na huyu alikuwa ameimezea kwa miaka na kuitolea hotuba. Kama angeniambia mimi, ningemshika mkono. Ningemwambia ndiyo, Taki, kama nilivyomwambia mama.

Abid alidhani yamekwisha. Akanipa mkono aniinue.

Sikuupokea. "Abid, bibi yako naye aliusia."

"Nini?"

"Siku mbili kabla hajafa. Aliomba alale karibu na babu yako. Hakutaka jiwe wala benchi. Alitaka mumewe. Hakuna aliyemrekodi, mimi ndiye niliyekuwa simu yake, na nilimwahidi. Baba yako nilimwambia siku ya maziko, ukumbini msikitini, masikioni mwake. Akapanda juu akasema zamu ni zamu. Nikanyamaza, nikamtii, kwa sababu nilimwamini. Bado namwamini. Nasimama na maneno aliyoyasema akiwa mzima, mwenye nguvu, mbele ya watu mia tatu. Haya ya kwenye simu ni ya mtu anayeogopa, na mimi namsamehe. Ila sitainuka."

Abid alibaki amechuchumaa. Mvua ilikuwa inamwingia shingoni. "Hakuwahi kuniambia," alisema.

"Angekwambiaje?"

Abdulhussein alitazama saa yake, akasema jamani, sala inakaribia, shimo bado, tutamweka wapi maiti? Alisema hivyo kwa Abid, maana kwangu alikuwa ameshakata tamaa. Neno lilikuwa la mtoto wa marehemu. Sote tulilijua hilo, hata Mreno nadhani alijua, maana aliacha kutafuna.

Abid aliinuka, akafuta magoti yasiyofutika. Hakunitazama. Alimgeukia mzee Askari.

"Mzee, kigingi kiko wapi?"

Askari alikwishageuka. Alianza kutembea kuelekea nyuma, kwa haraka ya ajabu kwa mtu wa umri wake, na Mreno akaweka mkate mfukoni akapanda katapila lake. Nilikaa pale pale kwenye kiti mpaka niliposikia jino la chuma likigusa ardhi ya safu ya tisa. Sikuwa na haja tena ya kukaa. Nikainuka, nikakikunja kiti.

Walipoanza kufika wanaume, mimi na Mehreen tuliingia kwenye gari tukafunga vioo, kama desturi inavyotaka. Tuliona jeneza likipita langoni bila kusimama. Tuliona meya akikanyaga dimbwi, akikitazama kiatu chake, akiendelea. Mbunge alifuata huku ameshika suruali kwa vidole viwili. Mama wa orodha alikuja mwisho, amevaa mabuti ya mpira, mwanamke mwenye akili zake, akabaki upande wa pili wa uzio akiandika. Mehreen alishuka kwenda kumsalimu. Aliporudi alisema kwamba yule mama ameuliza kwa nini diwani amelazwa kati ya fundi umeme na nafasi tupu, naye akamweleza. Ameuliza pia kama anaruhusiwa kuandika hayo yote, pamoja na sababu.

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia aandike."

Abdulhussein alipita karibu na gari letu akitoka. Hakunisalimu, na sikutarajia. Atanichukia mwaka mzima, pengine miwili, na mke wake ataacha kuniletea kababu. Abid alisimama kwenye dirisha langu. Alikuwa na udongo mpaka viwikoni, kwa kuwa ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea baba yake.

"Bado nina hasira na wewe, Shangazi," alisema.

"Kaa nazo. Zinaisha."

Wanaume walipokwisha kuondoka, nilishuka peke yangu. Nilimsomea Taki kwanza. Udongo ulikuwa bado unanuka, na Askari alikuwa ameshachomeka kigingi kingine upande wake wa kushoto. Kisha nikaenda kwa baba, safu ya pili, na kutoka kwa baba nikatembea zile hatua zangu mpaka kwa mama.

Kwa miaka sita, nikifika hapo, nilikuwa nasoma Fatiha nikitazama nyasi. Jina lake kwenye jiwe sikuwahi kuweza kulisoma. Nilichuchumaa nikaondoa majani yaliyoganda juu yake, nikamwambia kwa sauti, kama tunavyoongea watu wawili jikoni.

"Mama, Taki naye aliusia. Naye nimemkatalia."

Nikainua macho, nikalisoma jina lake lote.